Albamu Tatu za Tarehe Kumi na Tatu

Jumatatu, 3 Februari

Siku mbaya. Madam Jepkosgei, meneja wetu hapa stesheni ya redio, Eldoret, ameniita ofisini kabla sijanywa chai. Mtu akiitwa ofisini kabla ya chai hakuna jema. Amesema saa yangu ya Alhamisi mchana, ile programu yangu ya Siku Kama Leo, haina wasikilizaji. Nikasema inao. Akauliza nani. Nikamtaja daktari mmoja wa mtaa wa Elgon View. Akasema daktari huyo alihamia Kanada mwaka juzi. Ni kweli, alihama. Ndiye aliyeniachia katoni zima la santuri. Lakini nilidhani huko Kanada bado ananisikiliza kwa mtandao.

Alhamisi iliyopita simu iliita mara moja tu. Mama mmoja alitaka daktari wa ng'ombe. Nilimjibu kwa heshima, nikamchezea wimbo, akakata.

Sasa hukumu. Simu zikiita vizuri Alhamisi ya tarehe kumi na tatu, saa yangu inabaki. Zisipoita, Ijumaa yake saa hiyo anapewa Ndungu.

Ndungu! Mtu wa salamu! Anasoma jina la mtu, halafu majina ya wale mtu huyo anawasalimu, halafu na wao wanawasalimu nani, mpaka wimbo unaisha hata hujausikia. Na watu wanampenda kabisa, hilo ndilo linaniuma.

Wiki nzima mimi husoma bei ya mahindi na matangazo ya ng'ombe waliopotea. Saa hiyo moja ndiyo yangu. Hapo ndipo napumua. Wakiichukua sijui nitakuwa nani.

Jumanne, 4 Februari

Nimepata! Nimepata! Mke wangu Amondi ametoka jikoni mbio na mwiko mkononi akidhani nimeona nyoka.

Ni hivi. Nilikuwa nimeketi na katoni la daktari, natafuta kwenye mtandao kila santuri ilitoka lini. Ya kwanza, Copper Heron, bendi ya Waingereza wenye nywele za kuficha uso. Hiyo ni roki ya kufikiri, ile inaitwa progressive. Wimbo mmoja unajaza upande mzima wa santuri, na maharagwe yanaweza kuiva kabla mtu hajaimba neno. Ilitoka tarehe 13 Februari. Haya. Ya pili, Leroy Tasker, Mmarekani, jazi, mpiga tarumbeta. Tarehe 13 Februari! Mwaka mwingine, lakini siku ile ile. Ya tatu, Dieter Vollmann, Mjerumani, muziki wa mashine, yeye na mitambo yake peke yao chumbani. Nikajiambia wacha, haiwezekani. Tarehe 13 Februari!

Miaka tofauti, nchi tofauti, muziki wa aina tatu, tarehe moja. Na mwaka huu tarehe hiyo ni Alhamisi. Alhamisi yangu! Hii si bahati, hii ni kuitwa.

Nimemweleza Amondi. Amenisikiliza mpaka mwisho, sitamnyima haki yake. Kisha akauliza mtu aliye kwenye foleni ya kusaga mahindi atafaidika na nini. Nikasema atafaidika na kujua. Akarudi jikoni. Mke wangu ni fundi wa nguo, mtu wa akili sana, lakini mambo ya tarehe hayamgusi.

Mpango: albamu zote tatu, moja baada ya nyingine, mimi nimenyamaza kimya. Mtangazaji wa heshima haongei juu ya muziki. Kilichobaki ni kutafuta watu wa kupiga simu.

Jumatano, 5 Februari

Nimeenda Ainabkoi kumwona Chepkoech. Hewani anajulikana kama Malkia wa Viazi. Ndiye kiongozi wa mashabiki wa salamu wa upande wote ule. Akisema pigeni, watu wanapiga. Ndungu anaishi kwa neema ya huyu mama. Nia yangu ilikuwa moja tu: nimnyang'anye Ndungu mama huyo.

Amenipokea vizuri mno. Chai ya maziwa, viazi vya kuchemsha, tena chai. Akasema atanisaidia, kwani kuna ubaya gani, sauti yangu anaijua, si ni ile ya bei ya mahindi. Moyo ukatulia. Kisha akataka kujua salamu zake zitasomwa wakati gani. Nikasema hazitasomwa, muziki haukatizwi. Akauliza hata pale katikati ambapo hakuna mtu anaimba? Nikasema hapo hasa. Akafikiri. Akasema basi muziki unapita hewani saa nzima na hakuna mtu anasalimiwa, hiyo si hasara? Nikaanza kumweleza habari za kinanda cha Copper Heron. Akanikatiza kwa upole, akaniita baba, akasema ng'ombe wanamngoja.

Nimerudi nyumbani, mtaa wetu wa West Indies, na gunia la viazi. Sikukusudia kununua. Niliona haya kuondoka mikono mitupu baada ya chai yote ile. Amondi amevifurahia viazi.

Alhamisi, 6 Februari

Programu ya leo: simu hakuna. Kwa hivyo nikachukua simu ya Amondi niliyokuwa nimeiazima, nikaweka leso mdomoni, nikapiga stesheni wimbo ukiendelea. Nikasema mimi ni Mzee Eliakim, mkulima, na nimeguswa sana na programu hii. Aliyepokea kule mapokezi ni Ndungu. Akasema asante sana Mzee Eliakim. Akauliza kama mvua imefika huko. Nikasema imefika, tena nyingi. Akasema ni ajabu, maana ni Februari. Kisha akasema, bila hasira yoyote, kwamba, Opondo, wimbo wako umeisha na hewani kumenyamaza.

Kweli, ulikuwa umeisha.

Ijumaa, 7 Februari

Njama ya leo ilikuwa safi. Nimemwendea Ndungu kama rafiki, na chapati mbili. Nimemnong'oneza kwamba Madam amechoshwa na watangazaji wanaomwaga majina kama mahindi. Apunguze. Asome machache, akae na kila mtu pole pole. Lengo: mashabiki wasiosomwa wakasirike, wahame.

Ndungu amenishika mkono kwa mikono yote miwili. Ameenda hewani akasoma majina machache. Kila aliyepiga alimuuliza hali, akamngoja ajibu. Mama mmoja alieleza habari za mwanawe aliyepotelea Saudia mpaka akalia, Ndungu akalia naye. Madam akatoka ofisini kwake kuja kumpongeza. Na Ndungu akasimama mbele ya watu wote akatangaza kwamba wazo hilo si lake, ni la rafiki yake Opondo!

Huyu mtu hata kuchukiwa hakubali.

Jumapili, 9 Februari

Nimegundua kosa langu. Nimekuwa nikiwauzia watu muziki. Watu hawana haja na muziki. Watu wanamhurumia mtu.

Asubuhi sikula. Nikavaa koti la marehemu baba, ambalo mimi ndani yake nabaki shingo tu. Kanisani nikamtafuta Mama Adoyo. Yeye ndiye katibu wa chama chetu cha kuzikana, sisi watu tuliotoka upande wa ziwa. Mtu wetu akifia hapa Eldoret, chama kinasimama siku hiyo hiyo: hema, viti, sufuria, gari la kumfikisha nyumbani. Hakuna wa kulala ugenini. Mama Adoyo ana sifa ya kusimamisha hema kabla jirani hajamaliza kusema pole. Pia ndiye anayesoma matangazo ya kanisa, na hilo ndilo nililotaka.

Nikamwambia kwa sauti ya chini awaombe watu wanisikilize Alhamisi, maana huenda ikawa mara yangu ya mwisho. Akashtuka. Akauliza kama mambo yamefika hapo. Nikasema yamefika. Ya Madam Jepkosgei sikuyataja. Huruma ukiieleza sana inapungua.

Akatangaza vizuri kuliko nilivyotarajia. Akasema ndugu yetu Opondo ana siku ngumu mbele yake, tumsikilize Alhamisi saa saba, na asisumbuliwe na maswali. Mchungaji akaniita mbele akaniombea. Nikakohoa kidogo ili kusaidia. Watu walinisalimu kwa mikono miwili. Mzee Ooko akaniuliza kama mipaka ya shamba langu kule nyumbani inajulikana. Nikamwambia inajulikana. Swali la ajabu, lakini mzee ni mzee.

Amondi hakusikia lolote. Alikuwa upande ule mwingine akifundisha watoto wa Sunday school. Nimeona nisimsumbue na maelezo.

Jumatano, 12 Februari

Maandalizi yamekamilika. Albamu zote tatu ziko kwenye flashi, zimeungana, hakuna pengo. Nikibonyeza mara moja basi.

Kesho Madam yuko Kapsabet kwa mkutano na watu wa ushirika wa maziwa. Amemwachia Ndungu kazi ya kuhesabu simu zangu. Mbuzi amepewa shamba la kabichi alinde! Ndungu ameniambia nisijali, hata moja haitampita. Alikuwa anatabasamu. Simwamini mtu anayetabasamu hivyo. Najua atatafuta sababu ya kuingia studio katikati ya Copper Heron. Kwa hiyo jioni nimefunga komeo jipya upande wa ndani wa mlango. Limekaa imara.

Sauti imekauka. Nimetengeneza dawa: tangawizi, limau, asali, pilipili. Amondi ameonja akaniuliza kama ni ya kunywa au ya kuulia mchwa.

Siwezi kutulia. Nimesimama mara nyingi kuangalia kama flashi bado iko mfukoni. Kesho ndiyo kesho.

Alhamisi, 13 Februari, jioni

Naandika nikiwa na bandeji kidoleni. Nitaeleza pole pole maana mwenyewe bado sijaelewa vizuri.

Habari za saa saba zikaisha. Nikatia komeo. Nikazima simu. Nikafungua maiki nikasema maneno niliyokuwa nimeyaandaa: kwamba leo sina mengi ya kusema, kwamba nawashukuru wote walionivumilia miaka hii, na kwamba sasa nanyamaza. Nikapiga funda moja la dawa ili nimalizie. Pilipili ikanikamata. Nikakohoa. Nikakohoa vibaya, kikombe kikaanguka kikavunjika. Kwa nguvu za mwisho nikafunga maiki na kubonyeza kitufe, na Copper Heron wakaingia bila doa.

Wanaanza na kinanda. Kinanda kile kikubwa cha kanisani, peke yake, pole pole. Nimekisikia mara mia na sikuwahi kufikiria kwamba ni cha kanisani.

Nikavaa hedifoni. Nikaegemea kiti, nikafumba macho. Jamani! Sitasema uongo hata baada ya yaliyotokea. Nilikuwa na furaha ambayo sijaionja tangu binti yetu Lynette azaliwe. Mji mzima wa Eldoret, nilifikiri, duka la mbolea, kinyozi, mama wa mboga, wote sasa hivi wanasikia ninachosikia. Nilisahau saa. Programu ya Ndungu ilipaswa kuanza saa nane na sikukumbuka kabisa kwamba Ndungu yuko duniani.

Ya huko nje nimeambiwa baadaye.

Simu ya kwanza ilikuwa ya Mama Adoyo. Kikohozi alikuwa amekisikia, na kikombe, na sasa kinanda. Akamuuliza Ndungu kama tayari. Ndungu akauliza tayari nini. Akamweleza habari za kanisani, maombi, na jinsi nilivyokonda. Ndungu akakimbia kwenye kioo cha studio. Akaniona: kichwa nyuma, macho yamefumbwa, mdomo wazi. Akagonga. Kioo cha studio ni kinene, kazi yake ni kuzuia makelele. Akasukuma mlango. Komeo.

Hapo ndipo Leroy Tasker alipoingia na tarumbeta. Anaanza peke yake bila ngoma, noti ndefu ndefu, vile wanajeshi wanapigiwa kaburini. Nyumbani kwa Mama Adoyo wanawake waliokuwa wamekusanyika wakasimama wima.

Simu zikaanza. Watu wetu hawajazoea redio icheze muda wote huo bila neno. Mtangazaji hapa hujulikana kwa kuongea. Wazee wakakumbushana kwamba zamani redio ikicheza muziki mtupu mchana kutwa, basi kuna mkubwa amefariki. Wengine walipiga kuuliza ni nani serikalini. Ndungu, mpumbavu mwaminifu, akawa anawajibu wote huku analia kwamba si serikalini, ni Opondo.

Kisha akaja Mjerumani.

Dieter Vollmann anaanza na mashine moja. Ti. Kimya. Ti. Kimya. Ti. Muuguzi mmoja akapiga simu akasema sauti hiyo anaijua, hao walio na mgonjwa wafanye haraka. Halafu zile ti zinakaribiana, zinakaribiana, na ghafla inabaki sauti moja ndefu iliyonyooka isiyokatika. Kwenye albamu sehemu hiyo ni dakika nne hivi. Wataalamu wanaisifu sana.

Huko nje, nimeambiwa, watu walipiga mayowe mpaka barabarani.

Amondi aliambiwa na mteja dukani kwake. Alikuja mbio akiwa na futi ya kupimia nguo shingoni. Mimi nilishtushwa na kishindo. Nikafumbua macho, nikamwona mke wangu nyuma ya kioo ameinua kigoda cha askari wa lango. Akapiga tena. Kioo kikashuka chote.

Nikainua kidole, nikamwashiria asubiri kidogo, sauti inakaribia kubadilika.

Alikuwa analia. Machozi yanamwagika kabisa. Na mimi, haki ya nani, nikajiambia: hatimaye mtu amemwelewa Mjerumani.

Akaingia kupitia dirishani. Akanishika kola, kiwiko changu kikagonga maiki, ikafunguka, na kuanzia hapo kila kitu kilienda hewani. Akasema kama nimekufa ataniua. Akasema amevumilia santuri, amevumilia tarehe, amevumilia gunia la viazi, lakini kuachwa peke yake hatavumilia, na nitakufa siku atakayoniruhusu yeye. Akanipiga kifuani kwa ngumi, halafu akaweka kichwa chake pale pale alipopiga. Nikajikata kidole nikiondoa vioo kwenye nywele zake. Ndungu alikuwa amekaa sakafuni kule mapokezi, miguu mbele, analia kama aliyefiwa na ndugu. Mjerumani akaendelea.

Tumefika nyumbani, hema liko uani. Viti vimepangwa. Sufuria tatu jikoni. Wazee wanabishana kama mwili upitie Kapsabet au Kakamega. Nikasema jamani mimi hapa. Mama mmoja akazirai. Mama Adoyo hakuzirai. Akanitazama kuanzia kichwani mpaka viatuni, akauliza hii ni tabia gani. Nikaeleza habari za saa yangu na Madam Jepkosgei na simu. Akasema aliombwa atangaze kifo cha mtu, sasa anaambiwa kilikuwa ni kifo cha programu. Akasema hema la chama likishasimama halishushwi watu hawajala, aliye hai au asiye hai. Basi watu wakala. Viazi vya Ainabkoi vimeisha vyote.

Niliwaangalia pale. Mama wa mboga. Kinyozi na wateja wake wawili, mmoja amenyolewa upande mmoja. Watu ambao nilidhani hawajui hata jina langu, wamefunga biashara wakaja. Nikaenda nyuma ya tangi la maji, nikalia kidogo. Lynette yuko bwenini shuleni, namshukuru Mungu huko hakuna redio.

Ndungu alikuwa ameshaandika tanzia yangu. Nikamwomba nione. Ni fupi! Inasema niliupenda muziki ambao hakuna mwingine aliyeupenda, na sikuchoka kuwaita watu waje wausikie. Nikamuuliza hiyo tu? Miaka yote hii? Akaomba msamaha, akasema alikuwa anaharakisha. Nimemwambia siku nyingine aongeze.

Ijumaa, 14 Februari

Nimeitwa ofisini. Kabla ya chai.

Madam Jepkosgei alisikia yote akiwa ndani ya gari akirudi kutoka Kapsabet. Alisimama kando ya barabara mpaka mwisho. Akanionyesha pale kioo kilipokuwa. Akanionyesha komeo, limewekwa mezani kwake. Akasema simu ziliita mpaka mashine ya mapokezi ikazima. Tangu stesheni ifunguliwe hajawahi kuona.

Nikamkumbusha hukumu yake. Simu zikiita, saa inabaki.

Akasema hakuna hata mmoja aliyepiga kwa sababu ya muziki. Nikasema sababu haikutajwa. Ndungu akaingia bila kubisha hodi, akasema ana neno. Nikajiambia basi, kwisha mimi. Ndungu akasema haitaki hiyo saa. Akasema jana aliponiona pale kitini alifikiri sana kuhusu Alhamisi zitakazokuja, akaona haitawezekana yeye akae pale asome majina. Alisema hayo akiangalia chini. Sikujua nitie uso wangu wapi.

Madam akajishika kichwa. Akacheka, au labda alikohoa. Akasema saa ni yangu. Lakini kuna masharti. Komeo hapana. Kioo ni juu yangu. Na kila baada ya dakika tano, hata wimbo uwe mrefu namna gani, niseme waziwazi hewani kwamba niko hai.

Nikakubali yote. Saa ni yangu! Yangu! Malkia wa Viazi naye alikuwa ameacha ujumbe, salamu za rambirambi kwa familia ya Opondo, na kwa majirani wa Opondo, na kwa wote wanaomjua Opondo popote walipo. Ndungu akausoma wote hewani, mimi nikiwa nimekaa kando yake nikinywa chai.

Jioni nimemwapia Amondi mkono juu ya Biblia. Njama hakuna tena. Nimepata somo la maisha yangu. Akasema amesikia. Tumekula ugali na dagaa wa omena tukalala mapema, na alinishika mkono usingizini.

Jumapili, 16 Februari

Kanisani mchungaji amenitoa kama mfano wa maombi yaliyojibiwa. Nimesimama nikapungia watu mkono. Mama Adoyo hakupiga makofi.

Baada ya chakula nikachukua katoni la daktari. Kutazama tu. Mtu akitazama si njama.

Tarehe 27 Februari! Albamu nne! Nne! Miaka tofauti, tarehe moja, na ni Alhamisi! Mmoja wao ni Mjapani, na albamu yake yote ni kipande kimoja kisichokatika, sauti ya kinanda na upepo, basi. Hiyo huwezi kuikatiza kila dakika tano na habari za kuwa hai. Itakuwa dhambi.

Lakini ahadi ni ahadi, na mimi si mtu wa kuvunja neno. Nimelala kitandani mchana nikafikiri, na nimepata. Madam alisema isemwe hewani kwamba niko hai. Hakusema ni lazima niwe nimefumbua macho.

Kwa hiyo nimejirekodi. Bafuni, maana sauti inatoka vizuri mle. Niko hai ya kawaida. Niko hai ya furaha. Niko hai yenye kicheko kidogo, ya mtu aliyetulia. Zitaingia zenyewe kwa wakati wake, chini chini, pale kinanda kinapovuta pumzi. Amondi alinisikia kutoka jikoni, na kila nilipotamka alijibu kwamba ameona. Baadaye akaja mlangoni, akauliza kama naweza kumwekea moja kwenye simu yake, ile yenye kicheko. Nimemwekea.

Nimezijaribu zote mfululizo na hazina kasoro hata moja. Mpango huu ni salama kabisa: hata nikifa kweli pale kitini, hakuna atakayejua mpaka programu iishe.